Nyama ya Meskel

Butajira, 23 Januari 1996

Mdogo wangu Kifle,

Pokea salamu zetu sote. Sisi hatujambo, Mungu ametuhifadhi. Goti la Mama bado linamsumbua asubuhi, lakini siku ya Timket, sikukuu ya Ubatizo, alitembea mpaka mtoni na kurudi, na kila aliyetaka kumshika mkono alimsukuma. Bezawit wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaficha mdomo akicheka. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Sasa nikuulize. Mwalimu Degu alikuja kula mchana juzi hapa mgahawani kwa Mama, akatandaza gazeti lako mezani akisema, "Kijana wenu ameandika tena, safari hii kuhusu kitfo." Mama akaniambia nimsomee. Nikaanza kusoma kwa sauti, mbele ya wateja, jinsi ulivyozunguka mtaa wa Kazanchis huko Addis ukitafuta mgahawa mdogo, jinsi ulivyokuta meza sita na mapazia ya kijani, nyama mbichi imekatwa laini kwa kisu mpaka inayeyuka mdomoni, samli inanukia kama ile ya utotoni. Nikafika kwenye jina la mwenye mgahawa, nikanyamaza. Mama akasema, "Endelea." Nikamwambia taa ni hafifu. Ilikuwa saa saba mchana.

Askale, Kifle? Askale yule yule aliyekuwa mpishi wa nyumba hii, aliyewatapisha watu kumi na wanne kwa nyama mbovu siku ya Meskel, sikukuu ya Msalaba, mwaka wa sabini na tisa? Mzee Habte alilazwa wiki mbili na mpaka anaingia kaburini hakupata tena nguvu zake. Ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na sita, si mtoto wa kubebwa. Na hiyo samli unayoisifu ni ya nani? Ni Mama aliyemfundisha kuichemsha, majani gani yatangulie na yapi yasubiri.

Nataka uandike tena. Useme samli ile ni ya Mama, Zenebech wa Butajira, na useme kwa nini huyo mwanamke alifukuzwa hapa. Usipoandika, nitajua umechagua upande.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Bezawit anakusalimu.

Dada yako,
Yeshimebet


Addis Ababa, 19 Februari 1996

Dada Yeshi,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Nimefurahi kusikia Mama ametembea. Mwambie dawa ya kuchua nimempa mke wa jirani yangu Sahle, atakuja huko wiki ijayo. Mimi ni mzima. Mfungo wa Pasaka umeanza leo, kwa hiyo kwa wiki nane safu yangu itakuwa ya dengu, mchuzi mzito wa shiro na kabichi, na mhariri ameshalalamika kwamba hakuna anayenunua gazeti asome habari za kabichi.

Kuhusu Askale: siandiki nani alifukuzwa wapi. Naandika mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kukaa na kula vizuri. Kwake nilikula vizuri. Nilirudi mara tatu kabla ya kuandika, kama ninavyofanya kila mahali, na mara zote tatu chakula kilikuwa kile kile, mikono ile ile, meza zimepanguswa. Wafanyakazi wa wizara wanasimama nje wakingoja nafasi. Unataka niwaambie wamekosea?

Alinitambua siku ya kwanza. Alingoja nimalize sahani. Ndipo akauliza, "Mama yako anaendeleaje?" Akauliza kuhusu ng'ombe, kuhusu ule mti wa zeituni uani, kuhusu Bezawit ambaye alisikia tu kwamba amezaliwa. Wewe hakukuulizia. Nikaona ajabu, kwa sababu nakumbuka mlikuwa mnalala kitanda kimoja.

Usiniambie tena nimechagua upande. Una kawaida ya kutoa amri ukiwa jikoni kwa Mama kana kwamba sisi wengine ni wafanyakazi wako.

Nakutakia mfungo mwema,
Kifle


Butajira, 4 Machi 1996

Kifle,

Dawa imefika, Mama anaitumia. Tuko wazima. Mvua za mwanzo zimenyesha na bati la ghala limevuja.

Kwanza, usiniandikie kuhusu kitanda. Kitanda kilikuwa kimoja kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo.

Pili, jikoni kwa Mama ndipo ulipopata karo, viatu na tiketi ya basi ya kwenda huko unakovaa koti. Nimehesabu kwenye magazeti ya Mwalimu Degu. Umeandika kuhusu migahawa thelathini na mmoja. Umemwandika Myemeni wa Mercato na mandi yake ya wali na nyama. Umemwandika mjane wa Gulele anayeuza supu ya kwato katika chumba kisicho na dirisha. Umekwenda mpaka Nazret kwa sababu ulisikia kuna samaki. Nyumba iliyokulisha hujaiandika hata mstari mmoja. Watu wanatuuliza. Mama anawajibu kwamba unaona haya kumsifu mzazi. Anasema hivyo na kucheka, halafu anaingia ndani.

Na kuna jingine nimeliona kwa miaka, nikanyamaza. Ukija nyumbani kwa Meskel huli kitfo. Unasema tumbo, unasema umekula njiani. Unakula mboga na jibini mbele ya mama yako ambaye ameamka alfajiri kukata nyama kwa ajili yako. Kazanchis tumbo halikuumi?

Andika ninachokuambia.

Yeshimebet


Addis Ababa, 24 Aprili 1996

Yeshimebet,

Natumaini Pasaka ilikuwa njema kwenu. Nilikula kuku kwa jirani. Sina habari nyingine.

Mwezi ujao kuna maonyesho ya mapishi hapa mjini, siku tatu, mahema hamsini, wapishi wa mitaani kutoka kila upande. Wameniita niwe mmoja wa waonjaji kwa sababu ya safu yangu. Askale alikuwa amekubaliwa. Alishanunua vyungu vipya, alishapaka bango lake rangi. Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati akaniita pembeni akanionyesha barua isiyo na sahihi, yenye muhuri wa posta ya Butajira. Imeeleza kwamba Askale aliwahi kuwalisha watu sumu, kwamba hanawi mikono, kwamba Mzee Habte alikufa kwa sababu yake. Wamemwondoa. Hawakumwambia sababu. Alinijia mimi kuniuliza kama nimesikia lolote, na mimi nikasema sijasikia.

Herufi zako zinalalia kushoto tangu darasa la pili. Ulidhani nitazisahau?

Nilikuwa nimeapa nisiwaambie kamwe, wewe wala Mama. Basi sikiliza. Asubuhi ile ya Meskel Mama alinituma kwa Sermolo nikachukue nyama aliyokuwa ametuwekea. Njiani nikakuta wenzangu wanacheza mpira nyuma ya shule. Nilicheza mpaka saa sita. Nilipofika kwa Sermolo alikuwa amefunga bucha, ameenda kwenye sherehe kwao. Nikaogopa kurudi mikono mitupu. Nikanunua kwa mtu mmoja karibu na stendi, aliyekuwa ametundika paja juani tangu asubuhi, nzi wamelijaa. Nikaisafisha kwa maji ya bomba, nikaifunga kwenye majani ya mgomba wa ensete kama Sermolo anavyofunga, nikampa Askale.

Hiyo ndiyo sababu siwezi kula kitfo hapo nyumbani. Hiyo ndiyo sababu nilikwenda Kazanchis. Sikuupata mgahawa ule kwa kuzunguka, niliutafuta miezi minne.

Lakini kuna kitu kimoja kimenisaidia kulala miaka hii kumi na saba. Wewe ulisimama mlangoni, watu wamejaa uani, ukasema ulimwona Askale akitoka chooni na kushika nyama bila kunawa. Nikajiambia pengine si nyama yangu, pengine ni mikono yake, Yeshi aliona. Nimekaa juu ya maneno yako kama juu ya kiti.

Ulimwona?

Kifle


Butajira, 5 Mei 1996

Kifle,

Barua yako imefika. Mama ni mzima. Bezawit ana mafua.

Barua ya kamati niliandika mimi, Mama alikuwa amekaa pembeni yangu akinitajia. Sikatai. Gazeti lako lilipoisha kusomwa, maana Mwalimu Degu alilisoma mwenyewe mpaka mwisho, Mama hakulala siku mbili.

Wewe ndiye uliyenunua nyama ile, kisha unanihoji mimi? Umekaa na jambo hilo miaka kumi na saba, unapanda basi unashuka basi, unaandika kuhusu supu za watu.

Yeshimebet


Addis Ababa, 30 Mei 1996

Yeshi,

Sijakuuliza nani alinunua. Hilo nimekuambia mimi. Nimekuuliza kitu kimoja na wewe umeniandikia habari za mafua.

Maonyesho yamepita. Nilikataa kuonja. Hema la Askale walimpa mtu wa soseji.

Ulimwona au hukumwona?

Kifle


Butajira, 7 Julai 1996

Kaka yangu mdogo,

Natumaini u mzima. Mvua ni nyingi, njia ya sokoni ni tope tupu, wateja ni wachache. Bezawit amepona. Nimeanza barua hii mara nne na mara zote nimeishia kwenye mvua.

Sikumwona. Siku ile sikuingia jikoni kabisa, nilikuwa uani nikiwapokea wageni.

Kesho yake asubuhi, watu wakiwa wanatapika kila nyumba, Sermolo alikuja kuuliza kwa nini hatukuchukua nyama yake. Alisimama pale penye zeituni, mimi nikiwa ndani nasikia. Mama akamwambia tulipata mgeni aliyetuletea. Sermolo akaondoka, Mama akaingia, akafunga mlango. Akasema, "Kifle wangu wakimjua watamvunja. Nyumba hii itafungwa. Wewe utasema ulimwona Askale hakunawa." Nikamwambia, Mama, Askale ananawa mpaka mikono inapasuka. Akasema, "Askale ataenda kwao, ni hapo nyuma ya kanisa. Sisi tutaenda wapi?" Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikwenda mlangoni, watu waliokuja kulalamika wamejaa uani, nikasema. Askale alikuwa ameshika beseni. Alinitazama, akaweka beseni chini polepole ili maji yasimwagike, akatoka.

Jioni Mama alinipa ufunguo wa ghala. Tangu siku ile mimi ndiye mpishi.

Sasa na mimi niseme, maana umekaa huko ukiniuliza kama hakimu. Wewe Januari ulipelekwa Addis kusoma. Ulidhani ni kwa sababu ya alama zako? Ulitolewa mbele ya macho ya Sermolo. Mimi nilibaki. Kila Meskel nakata nyama kwenye ubao aliokatia Askale. Nampita mama yake sokoni, Inat Dinke, mzee anayenunua kitunguu kimoja, na hakuna jirani anayekwenda kwake kunywa kahawa tangu siku ile kwa sababu mimi nilisema binti yake ni mchafu. Mwanamke yule kanisani anakaa peke yake kama mwenye ukoma. Wewe ulikuwa na kiti, mimi nilikuwa na nini? Nimekuchukia, Kifle. Nilikuchukia kabla hata ya kujua nyama uliinunua wapi, kwa sababu nilijua tu kwamba nimeharibu mtu ili wewe uende shule.

Na mwaka huu, nikiwa mtu mzima mwenye mtoto, nikaandika tena. Hakuna aliyenifungia mlango safari hii.

Usimwambie Mama kwamba nimekuambia.

Yeshi


Addis Ababa, 11 Agosti 1996

Dada yangu,

Nakusalimu, na Bezawit pia. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama posta, nikasoma tena nyumbani. Sina hasira nawe kama nilivyokuwa. Ninayo, lakini imehama mahali. Utaelewa.

Nilikwenda kwa Askale siku ambayo hafungui. Nilimwambia yote: mpira, stendi, maji ya bomba. Alikuwa anachambua pilipili, hakuacha. Nilipomaliza akasema, "Nyama niliijua. Uliponiletea tu nikaijua."

Nikamuuliza kwa nini basi aliikata.

Akasema, "Nilimpelekea mama yako. Nikamwambia, hii imeanza kunuka, haifai kuliwa mbichi, tuipike mchuzi wa wot. Akainusa. Nje wamekaa watu arobaini wanaimba. Akaniambia, 'Ongeza pilipili ya mitmita na samli, hawatajua. Kitfo ndiyo Meskel yenyewe.' Nikaongeza. Hilo ni kosa langu na sijawahi kulikana."

Umenisikia, Yeshi? Mama aliinusa. Hakunikinga mimi tu. Alijificha yeye, na akatutumia sisi wawili kama pazia. Mimi nikabeba nyama, wewe ukabeba uongo, kila mmoja akidhani anambeba mwenzake.

Nilimwambia Askale nitaandika gazetini. Akasema niandike nikitaka, wateja wake hawali gazeti. Kisha akasema hivi, nakunukulia neno kwa neno: "Mama yako namwelewa, alikuwa anaogopa. Wewe ulikuwa mtoto mjinga. Yeshi ndiye sikumwelewa. Tulikuwa tunasukana nywele. Akitaka kuniomba radhi asije Kazanchis. Hapa hakuna aliyenitukana. Alisemea mlangoni kwa mama yake, watu wakiwa wamejaa. Aende akasemee hapo hapo, mama yangu asikie kabla hajafa."

Nikamwomba chakula. Akasema leo hajafungua, akanisindikiza mpaka barabarani.

Nimeiandikia kamati na kutia sahihi. Makala nimempa mhariri, itatoka wiki ya Meskel. Nimeandika jina la Mama, na langu. Lako nimeacha nafasi. Ni lako, litaje wewe.

Kifle


Butajira, 6 Oktoba 1996

Kifle,

Salamu kutoka kwangu na kwa Bezawit. Yeye ni mzima. Hatulali tena nyumbani kwa Mama. Mwalimu Degu na mkewe wametupa chumba chao cha nje. Nitakueleza.

Hukuja Meskel, na sikulaumu, niliogopa ungekuja. Gazeti lenye makala yako lilikuwa bado halijafika huku. Nyumba ilijaa. Walikuja mpaka watoto wa Mzee Habte, ambao kwa kawaida hupita tu kusalimia. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake uani, amevaa vazi jeupe jipya, anagawa amri. Nyama ilikuwa nzuri, ya Sermolo mwenyewe, niliichukua kwa mikono yangu. Niliikata, nikaitia samli, sahani ishirini zikatoka zimefunikwa. Kabla hawajashika nikasimama pale mlangoni.

Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema, "Mwaka wa sabini na tisa nilisimama hapa nikasema Askale hakunawa mikono. Nilisema uongo. Nyama ilikuwa mbovu tangu inaingia, Askale alisema isiliwe, akaambiwa aiongeze viungo." Kisha nikasema na ile barua ya kamati.

Mtoto mkubwa wa Habte akauliza, "Aliambiwa na nani?"

Nilimtazama Mama. Watu wote wakamtazama. Mama akasema, "Umemaliza? Wageni wana njaa."

Hakuna aliyeshika. Mama akaivuta sahani iliyokuwa karibu, akala. Tonge baada ya tonge, ametukodolea macho, mpaka sahani ikaisha. Akapangusa mkono. Watoto wa Habte wakainuka kwanza, halafu wengine. Walipita mbele yake mmoja mmoja bila kumuaga. Sahani kumi na tisa zilirudi jikoni zimejaa.

Nikamfuata jikoni. Nikamwambia, "Uliinusa."

Akasema, "Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili na watu arobaini uani. Ungefanya nini?"

Nikamwambia sijui ningefanya nini siku ile, lakini kesho yake nisingemtuma binti yangu. Akasema, "Toka na wako," nikatoka na wangu.

Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya kanisa. Inat Dinke alikuwa ameshasikia, habari zilinitangulia. Hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza. Alisimama na fimbo yake akasema, "Miaka kumi na saba nilikuwa namuuliza mwanangu kwa nini hakunawa. Kila alipokuja kuniona nilimuuliza. Mwisho akaacha kuja." Akafunga mlango. Nimerudi kila siku tangu hapo. Siku ya tatu wake wawili wa majirani walikuwa wamekaa kwake na kahawa inachemka. Mimi sikuingia, lakini nilisikia harufu.

Mpe Askale habari hizi kama zilivyo. Usizipambe. Kama atakuja, aje kwa mama yake, mimi sina haja ya kuonwa.

Mama anafungua mgahawa kila asubuhi kama kawaida. Anapika mwenyewe, na goti lake hilo. Chumba cha Degu kinatazamana na mlango wake, kwa hiyo namwona anavyotandaza vitambaa mezani na kukaa mlangoni na aproni yake. Watu wanapita upande wa pili. Mchana ananyanyuka, anavikunja vitambaa kimoja kimoja. Bezawit ananiuliza kwa nini hatuendi kula kwa bibi. Barabara ni hatua kumi na mbili, na bado sijavuka.

Yeshimebet